Kidole Chako, Simu Yako na Watu wa Nyumbani: Mwongozo Kutoka Meza ya Fundi Mwanjelwa

Mama mmoja anayeuza mchele wa Kyela hapa soko la Mwanjelwa, Mbeya, aliniletea simu yake mwezi wa saba, kitenge amekifunga juu ya sweta kwa ile baridi yetu. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka simu mezani. "Mwanangu, hii simu ina wachawi. Nimeweka kidole, sijamgawia mtu namba, lakini nikilala elfu kumi kumi zinaondoka."

Sikugusa bisibisi. Nilimwomba aifungue mwenyewe, tukaingia kwenye Mipangilio, upande wa alama za vidole. Zilikuwa nne. Nikamwambia aguse kitambuzi kwa kila kidole, kimoja kimoja, bila haraka. Akagusa kwa dole gumba la kulia, jina la kwanza kwenye orodha likawaka kijivu. Akagusa kwa cha shahada, la pili likawaka. Tukaenda hivyo mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Jina la tatu na la nne hayakuwaka hata mara moja.

Akatazama mikono yake kama mtu anayehesabu upya. Halafu akasema polepole, "Kijana wangu wa mwisho ndiye aliyeniwekea hii simu ilipokuwa mpya."

Nikamuuliza namba ya siri ya pesa ni ipi, si kwa kuitaja, aniambie tu imetokana na nini. Ilikuwa mwaka aliozaliwa huyo huyo kijana.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kesi za namna hiyo zinanifikia kila mara, na karibu wote wanaokuja wanamshuku mwizi wa mtandaoni aliye mbali. Mtu wa mbali hana usingizi wako, haoni kidole chako kikibonyeza namba, wala hukumkabidhi simu akuwekee bando. Wa nyumbani anavyo vyote vitatu.

Kwanza, hizo namba kubwa zinazotangazwa

Apple ilipoleta kufungua kwa kidole kwenye iPhone 5s mwaka 2013, hesabu yao ilikuwa kwamba uwezekano wa mtu asiyehusika kufungua simu yako kwa bahati ni chini ya 1 kati ya 50,000 kwa kidole kimoja kilichosajiliwa. Ukisajili vitano uwezekano huo unapanda hadi 1 kati ya 10,000. Kwa uso, ulioanza na iPhone X mwaka 2017, wanasema 1 kati ya 1,000,000. Jiji la Mbeya lina watu zaidi ya nusu milioni. Kwa hesabu ya kidole kimoja, basi, watu kama kumi kuanzia Iyunga mpaka Uyole wanaweza kufungua simu yako kwa bahati tu. Hao kumi hawajui unakaa wapi, kwa hiyo lala salama.

Ila hesabu hizo ni za mtu wa barabarani aliyeokota simu. Hazimhesabu mke anayekushika mkono ukiwa umelala, wala pacha wako, wala mpwa aliyeandikisha kidole chake siku mliyonunua simu.

Hatua ya 1: Hesabu vidole vilivyomo

Fanya kama yule mama. Ingia Mipangilio, tafuta Usalama, halafu alama za vidole. Kwenye simu nyingi za Android, na kwenye iPhone zenye kitufe cha kidole, ukigusa kitambuzi ukiwa kwenye ukurasa huo, jina la alama husika linawaka. Samsung wana sehemu yake ya kukagua alama zilizosajiliwa. Simu yako ikikataa kuonyesha chochote, usipoteze muda kubahatisha: futa zote, uanze upya na vyako peke yako.

Ukishasajili, zipe majina: "gumba kulia", "shahada kushoto". Usiache "Alama 1, Alama 2", maana "Alama 3" ikiongezeka mwakani hutashtuka. Vidole viwili vinatosha.

Kuna dalili moja ambayo watu huipuuza. Programu nyingi za benki hukataa kidole ghafla alama mpya inapoongezwa kwenye simu, zikakudai uingie kwa namba ya siri. Ukikuta hivyo na wewe hukuongeza kitu, rudi kwenye orodha siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Namba iliyo nyuma ya kidole

Hapa ndipo ninapokaa na mteja muda mrefu kuliko kwingine kote, na ndipo anapochoka kunisikiliza.

Kidole hakikuondoa namba ya siri, kimekaa mbele yake tu. Ukiwasha simu iliyozimwa, inadai namba. Ukikosea kidole mara tano mfululizo, inadai namba. iPhone isipofunguliwa kwa saa 48, inadai namba, na Android zenye kitambuzi kizuri hudai namba angalau kila baada ya saa 72 hata kama hakuna kilichoharibika. Na ili kuongeza kidole kipya, inadai namba. Kwa hiyo anayeijua namba hahitaji kidole chako. Anagusa kwa kidole chake mara tano kwa makusudi, simu inamwekea uwanja wa namba, anaingia kama mwenye nyumba, na akipenda anajisajili kabisa asisumbuke tena kesho.

Sasa jiulize ni nani anaijua. Usijibu haraka. Ulipokuwa unakaanga vitumbua mikono ina unga, ulimwambia nani "weka moja, tisa, nane, tano, nisomee hiyo meseji"? Kwenye daladala ya Uyole mmekaa watatu kwenye siti ya watu wawili, simu ipo mapajani. Mtoto wa miaka saba anayecheza gemu kwenye simu yako ameshaishika namba kichwani kuliko wewe.

Wanaotumia mchoro wa vidoti wako pabaya zaidi. Chukua simu ya mtu aliyetoka kula chips mayai, ielekeze kwenye mwanga wa dirisha kwa upande, uone. Mafuta yanabaki yamechora njia yote. Mimi hapa mezani naletewa simu nyingi ambazo mchoro wake ni Z au L, na nyingine naijua kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Sijivunii, nakuambia tu ujue.

Basi weka namba sita, si nne. Isiwe mwaka wa mtoto, wala mwanzo wa namba yako ya simu, wala 123456. Na isifanane hata kidogo na namba ya siri ya M-Pesa, Mixx, Airtel Money au HaloPesa. Hiyo ya pesa mara nyingi ina tarakimu nne tu. Ukitumia zile zile kufungulia simu, kila anayekuona ukifungua simu ameona pochi. Ibadilishe leo kwenye menyu ya mtandao wako, sehemu ya akaunti yangu. Pesa ya yule mama isingeondoka kwa kidole peke yake. Kidole kilifungua simu, mwaka wa kuzaliwa ukafungua pesa.

Hatua ya 3: Uso. Ujaribu nyumbani kabla hujauamini

Simu nyingi tunazouziana hapa, za laki mbili, laki tatu, zinatambua uso kwa kamera ya mbele tu. Zinalinganisha picha bapa na picha bapa. iPhone yenye Face ID hurusha nukta za mwanga usioonekana na kupima umbo la uso, kina na mabonde yake. Jina ni moja, "kufungua kwa uso", kazi ni mbili tofauti kabisa. Chama cha kutetea watumiaji cha Uholanzi kilichapisha mwanzoni mwa 2019 majaribio ya simu 110, na 42 zilifunguka kwa picha tu.

Jaribu yako. Mwombe mtu akupige picha ya uso kwa simu nyingine, karibu, kwenye mwanga mzuri wa nje. Funga simu yako, elekeza ile picha mbele ya kamera, isogeze mbele na nyuma, punguza na ongeza mwanga wa skrini. Ikifunguka, zima uso. Picha zako zimejaa kwenye simu za ndugu tangu harusi ya mwaka juzi.

Jaribio la pili, lala kitandani, fumba macho, mwombe mwenzio akuelekezee simu usoni. Usidhani ni simu za bei rahisi tu ndizo zinazofeli hapa. Pixel 4 ya Google ilitoka Oktoba 2019 na ikafunguka kwa mtu aliyefumba macho, hadi waliporekebisha mwaka uliofuata. Kwenye simu nyingi kuna swichi ya kutaka macho yawe wazi, na kwenye iPhone ipo ya kutaka mwenye simu awe anaitazama. Hakikisha zimewashwa.

Jaribio la tatu ni la ndugu. Mpe mdogo wako wa kufuatana naye, mpe binti yako. Apple wenyewe wanatahadharisha kwamba Face ID inaweza kukosea kwa mapacha, kwa ndugu wanaofanana, na kwa watoto chini ya miaka 13 ambao nyuso zao bado hazijakomaa. Kama kwenu kuna Kulwa na Doto waliotoka pamoja, usihangaike na uso kabisa. Tumieni vidole, maana alama za vidole hutofautiana hata kwa mapacha wa kufanana.

Na usijaribu jaribio la ndugu halafu ukaandika namba ya siri mara tu baada ya uso wake kukataliwa. Baadhi ya simu hulichukulia hilo kama wewe umebadilika sura, zikajifunza uso wake kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Usingizi

Novemba 2017 iliripotiwa ndege iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali kutua Chennai, India, bila kupangwa. Mke alikuwa ameishika simu ya mume aliyelala, akaifungua kwa kidole cha huyo mume, akakuta aliyoyakuta, na vurugu ikawashinda wahudumu. Simu haikuwa na kosa. Kidole kilichogusa kilikuwa chenyewe, cha moto, kina damu. Kitambuzi hakiulizi kama mwenye kidole yuko macho.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: kabla ya kulala, zima simu uiwashe tena, kisha uiache bila kuifungua. Ikishawaka upya haikubali kidole wala uso mpaka namba iandikwe. Android kuanzia toleo la 9 zina njia fupi zaidi: bana kitufe cha kuwashia, utaona neno Lockdown, kama halipo, liwashe kwenye mipangilio ya skrini iliyofungwa. Kwenye iPhone bana kitufe cha pembeni pamoja na cha sauti kwa sekunde mbili hivi, skrini ya kuzima ikitokea achia, funga. Imeisha.

Fanya hivyo pia kwenye basi la Dar. Ni zaidi ya kilomita 800, na ukishapita Mafinga usiku, baridi na blanketi, hutajua nani ameshika mkono wako.

Hatua ya 5: Mikono ya huku kwetu

Hili limesahauliwa kwenye miongozo yote iliyoandikwa na watu wa mjini wenye mikono laini. Anayechimba viazi Umalila, anayechuma chai Mufindi, anayepasua mbao Sao Hill, mistari ya vidole vyake imesagika. Kiangazi cha Juni na Julai ngozi inapasuka juu ya hapo. Wengi mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na 2020, wazee wanasuguliwa dole gumba kwenye mashine mpaka wanakata tamaa.

Kwenye simu matokeo yake ni mabaya kwa njia ya pembeni. Kidole cha bibi kinagoma, mjukuu anasema "bibi weka changu, nitakuwa nakufungulia." Kwa mapenzi kabisa, wala hana nia mbaya. Lakini siku hiyo simu ya bibi imekuwa ya mjukuu.

Badala yake jaribu haya. Osha mikono kwa maji ya uvuguvugu, paka mafuta kidogo, ngoja ngozi iyanywe, futa. Sajili kidole kisichofanya kazi nzito, mara nyingi kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Sajili kidole hicho hicho mara mbili, mara ya kwanza katikati, ya pili kwa ncha na pembeni. Ikigoma bado, tumia namba peke yake. Hakuna aibu, namba ni salama kuliko kidole cha mtu mwingine.

Wenye simu zenye kitambuzi ndani ya skrini, angalieni protekta mnazobandika. Mwaka 2019 mwanamke mmoja Uingereza aliweka protekta ya bei rahisi ya jeli kwenye Samsung Galaxy S10, mumewe akagusa kwa kidole chake, ikafunguka. Kitambuzi kilikuwa kinasoma michoro ya ile jeli kikadhani ni kidole. Samsung walitoa marekebisho Oktoba mwaka huo. Ukibadilisha protekta, futa alama, sajili upya, halafu mpe jirani ajaribu vidole vyake. Nami nikikubandikia hapa, nijaribu mimi mwenyewe. Dakika moja tu.

Hatua ya 6: Kufuli linalojifungua lenyewe

Android zina kipengele kinachoiacha simu wazi ikiwa mahali unapopaamini, ikiwa karibu na saa au redio uliyoiunganisha, au ikiwa mwilini mwako. Watu huweka "nyumbani". Fikiria hilo vizuri: umeweka kidole, umeweka namba sita, halafu ukaiambia simu isijifunge ukiwa pale pale walipo watu unaowaogopa. Kitafute kwenye Usalama, jina lake ni Smart Lock au Extend Unlock, kizime.

Kisha ficha maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa. Zile namba za uthibitisho za benki na za WhatsApp husomeka hapo juu bila mtu kufungua chochote.

Hatua ya 7: WhatsApp haihitaji simu yako tena

Mtu akipata simu yako ikiwa wazi kwa dakika moja, na kidole chake kimo au anaijua namba, hahitaji kuiiba. Anaingia kwenye vifaa vilivyounganishwa, anapiga picha ile misimbo ya mraba kutoka kwenye kompyuta au simu nyingine, na tangu hapo anasoma meseji zako akiwa Tunduma. Unaweza kubadilisha kidole, namba, hata protekta, yeye yumo tu. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukiona usichokijua kiguse, kitoe. Kati ya ndoa zilizolia mbele ya meza yangu, nyingi kilio kilianzia hapa.

Kufuli la kidole la ndani ya WhatsApp ni zuri, ila linatumia vidole vile vile vya simu. Kama hatua ya 1 hukuifanya, hili ni pambo.

Hatua ya 8: Laini

Kufuli la simu halilindi laini. Anaitoa kwa pini ya sindano, anaiweka kwenye kitochi, meseji zote za uthibitisho zinaenda huko. Washa namba ya siri ya laini kwenye mipangilio ya usalama. Usibahatishe ile ya mwanzo, isome kwenye kadi uliyokatiwa laini au uulize duka la mtandao wako. Ukikosea mara tatu inadai PUK, yaani namba ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa. Ukiwa hapo, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna watu wamekuta laini ya shemeji humo.

Kabla hujabadilisha chochote

Kama unayemkimbia ni mtu anayekupiga, usifanye hatua zote kwa usiku mmoja. Simu iliyokuwa wazi miaka mitatu ikifungwa ghafla, ataona, na atauliza kwa mkono. Ongea kwanza na mtu nje ya nyumba hiyo, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Na kwa wale wanaosema "simu ya mke wangu ni yangu": Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inahesabu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Sijaona humo mstari unaosema isipokuwa mume.

Wapo pia wanaotaka mtu mmoja aweze kuifungua, ukizidiwa ukakimbizwa hospitali ya Rufaa. Hilo ni jema. Andika namba kwenye karatasi, itie kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, saini juu ya mkunjo, mpe mtu mmoja. Bahasha ikifunguliwa utajua. Kidole kilichosajiliwa hakiachi mkunjo.

Mwisho, sisi mafundi

Na sisi ni watu wa karibu. Ukituletea simu tunakuuliza namba ili tujaribu skrini na spika, tunaiandika kwenye kikaratasi, tunakibandika nyuma kwa selotepu, na simu inakaa kwenye droo na nyingine ishirini. Kila anayepita kaunta anaweza kusoma. Kabla ya kuja, badilisha namba iwe 000000, toa laini, ondoka nayo. Ukirudi kuchukua, hesabu vidole kwenye orodha ukiwa bado umesimama mbele yangu, rudisha namba yako, na kile kikaratasi kibandue mwenyewe uondoke nacho.